Zimwi la Mlenda na Tundu la Inchi Moja

Mvuvi wa pweza anaijua kazi ya kumlinda kiumbe asiye na mfupa. Amemtia ndooni, amefunika kwa kipande cha ubao, akageuka kuweka mshipi sawa. Akitazama tena, minyiri imeshatoka na mwenyewe yumo safarini kurudi majini. Sehemu ngumu ya mwili wa pweza ni mdomo wake tu. Tundu likipitisha mdomo, mengine yote hufuata.

Hofu ya kiumbe anayepenya popote imo pia katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika. Ulio maarufu kuliko yote, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson. Watu huketi kuzunguka meza, msimamizi mmoja akasimulia ulimwengu na hatari zake, wenzake wakasema wahusika wao wanafanya nini, na dadu yenye pande 20 ikaamua kama wamefaulu. Tangu mwanzo orodha ya mazimwi ilikuwa na viumbe wa ute. Yupo jeli wa rangi ya manjano ambaye askari akimkata kwa upanga anajikuta anapambana na wawili. Yupo ute wa kijivu unaokula deraya. Na yupo mchemraba wa jeli, mwangavu kama kioo, upana wake futi 10 kamili, sawasawa na njia za mapangoni walizozoea kuzichora wachezaji. Kwa maneno mengine, ni zimwi lililoshonwa kwa kipimo cha ramani.

Kwa miaka mingi kazi ya mchezaji ilikuwa kuwakimbia. Mwaka 2022 seti ya vitabu ya Spelljammer: Adventures in Space ikampa ruhusa ya kuwa mmoja wao: plasimoidi, kiumbe wa ute mwenye akili, anayeweza kujitengenezea kichwa, mikono na miguu, kisha akavirudisha vyote na kubaki tonge.

Tangu hapo wachezaji wengi wanamwona plasimoidi kama silaha, na hapo ndipo wanapokosea. Nguvu yake haimo katika kupiga. Imo katika kuamua nani anasimama wapi, mlango upi uko wazi, na nani hawezi kusogea.

Kanuni zenyewe zinasema hivyo kwa anayezisoma vizuri. Plasimoidi anaweza kutoa mnyiri wa futi 10, akafungua mlango au sanduku, akaokota kitu kidogo au kukiweka. Mnyiri huo hauwezi kushambulia, hauna macho, na hauinui zaidi ya ratili 10. Mchezaji mwenye pupa husoma sentensi hiyo akaguna. Mwenye jicho huona kwamba kuutoa mnyiri ni tendo dogo la nyongeza, lisilomnyima shambulio lake la kawaida katika zamu ileile. Basi anapigana na huyu hapa, huku mnyiri umeshatoka tayari kwa kazi nyingine: kuondoa komeo, kuvuta funguo mezani, kumwaga chupa ya mafuta kwenye ngazi wanayopandia maadui. Kuufunga mlango ili wapiga mishale watano wabaki nje kuna faida kuliko kumjeruhi mmoja wao.

Uwezo wake wa kupenya tundu la inchi moja nao una bei yake. Plasimoidi hupenya humo akiwa hakuvaa wala kubeba kitu. Shujaa mwenye deraya na ngao akipita chini ya mlango anatokea upande wa pili mtupu kama alivyozaliwa, mbele ya walinzi wenye mikuki. Ndiyo maana plasimoidi anayefaa zaidi vitani ni mtawa, yule mpiganaji wa mikono mitupu ambaye kujikinga kwake kunatokana na wepesi na hekima, si na chuma. Akivua kila kitu hajapoteza kitu. Anapenya, anaangusha mlinzi, anafungua kutoka ndani, na wenzake wanamletea nguo zake.

Yapo na mengine yanayosahaulika. Ngozi yake hufyonza rangi, hivyo anaweza kujitia rangi ya jiwe kabla ya vita. Uchawi unaogandisha binadamu haumshiki, kwa kuwa kanuni hazimhesabu katika jamii ya watu. Anastahimili sumu na tindikali, hivyo anaweza kumkamata adui ndani ya wingu la sumu lililotupwa na mwenzake na kuumia nusu tu ya anavyoumia mateka wake.

Anaweza pia kuzuia pumzi saa nzima, na hapa wengi hurukia wazo la kumzamisha adui mtoni. Hesabu inawakatalia. Mtu wa kawaida huzuia pumzi kama dakika moja, na dakika moja vitani ni mizunguko 10. Mapigano mengi mezani yamekwisha kabla ya hapo. Faida ya mto ni kumshikilia jemadari chini ya maji, asiweze kusogea, wakati jeshi lake linashindwa bila yeye.

Kuna hila moja inayopaswa kukataliwa bila kusitasita: mchezaji anayetangaza kwamba anaingia puani mwa adui, anajaza mapafu, na adui amekufa. Yule mchemraba wa jeli, aliyeumbwa kwa ajili ya kumeza watu, hana uwezo huo. Anayemezwa hupewa nafasi ya kukwepa. Akishindwa, huumia kila zamu, na bado anaruhusiwa kujaribu kuchomoka. Plasimoidi hawezi kuwa mkali kuliko babu yake. Msimamizi akilikubali hilo mara moja, wiki inayofuata zimwi la kwanza la ute litakaloingia litadai haki ileile juu ya pua za wachezaji, na hawatakuwa na la kujitetea.

Kinachoudhi ni kwamba mabadiliko ya karibuni yamemnyang'anya kiumbe huyu kipaji chake kikubwa. Mwaka 2022, plasimoidi alipojaribu kumkaba mtu alirusha dadu mara mbili akachukua namba kubwa. Kanuni zilizosahihishwa mwaka 2024 zimegeuza utaratibu: sasa anayekabwa ndiye anayerusha dadu ili kukwepa, kwa hiyo kipaji kile kimebaki kwenye kujinasua tu. Hilo linarekebishika kwa sentensi moja kabla ya mchezo kuanza: adui anayekabwa na plasimoidi arushe dadu mara mbili, achukue namba ndogo.