Wahitimu wa lugha na kazi iliyo mlangoni pao

Kila mwaka vyuo vikuu vyetu huwatoa vijana waliosomea Kiswahili, Kiingereza na isimu, na aghalabu vijana hao hutazama mlango mmoja tu, yaani ule wa Tume ya Kuajiri Walimu. Katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambako Chuo Kikuu cha Rongo na kile cha Tom Mboya vimewasogezea wenyeji elimu ya juu, si ajabu kumkuta mhitimu wa lugha aliyengoja barua ya ajira kwa miaka, akiishi kwa kibarua cha kufundisha kinacholipwa na bodi ya shule. Ningependa kuwaelekeza vijana hao, pamoja na walimu wanaowaandaa wengine, kwenye kazi isiyotajwa sana darasani ingawa malighafi yake imetapakaa pale pale wanapoishi. Nayo ni uandishi wa kiufundi.

Mwandishi wa kiufundi husimama baina ya mjuzi wa jambo na mtu anayetaka kulitumia. Mhandisi amebuni pampu. Mwandishi humweleza fundi wa kijijini namna ya kuiwasha, kuizima na kuifungua bila kujikata. Daktari ameandika dawa. Mwandishi huhakikisha kwamba mgonjwa akifika nyumbani bado anajua la kufanya.

Kazi hii si mpya duniani. Mnamo mwaka wa 1391 mshairi Geoffrey Chaucer wa Uingereza aliandika maelezo ya kutumia astrolabu, chombo cha kupimia nyota, kwa ajili ya mtoto wa miaka 10 aliyeitwa Lewis. Mambo ya aina hiyo yaliandikwa zaidi kwa Kilatini zama hizo, lakini Chaucer alitumia Kiingereza kwa kuwa mtoto huyo hakujua Kilatini cha kutosha. Baadaye kompyuta ziliifanya kazi hii kuwa taaluma yenye mshahara. Joseph Chapline aliandika mwongozo wa kompyuta ya BINAC mwaka wa 1949, na tangu hapo kampuni za mitambo, dawa na programu zimekuwa zikiajiri watu ambao kazi yao ni kueleza tu.

Sasa tutazame Migori. Huko Nyatike wachimbaji wadogo wa dhahabu husaga mawe, wakauchanganya unga wake na zebaki ili ishikane na chembe za dhahabu, kisha wakalichoma donge linalopatikana ili zebaki iondoke. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, nao hudhuru ubongo, figo na mtoto aliye tumboni. Mataifa yalikubaliana kuipunguza zebaki katika Mkataba wa Minamata wa mwaka wa 2013, ulioanza kutekelezwa mwaka wa 2017. Mkataba huo, kama ilivyo desturi, umeandikwa kwa lugha ya wanasheria. Mafunzo nayo hufanywa, lakini yanapokwisha na wakufunzi wakarejea Nairobi, kinachobaki mgodini ni karatasi, ikiwa ipo. Je, karatasi hiyo inamwambia mama anayeosha mchanga ni nani asikaribie moto? Inamwambia asimame upande gani wa upepo, na kwamba chombo cha kunasia mvuke kisifunguliwe kabla hakijapoa? Neno "Hatari" lililoandikwa kwa wino mwekundu humtisha msomaji, halimfundishi lolote. Tena mwandishi makini hatakimbilia kamusi kabla ya kuwauliza wachimbaji wenyewe wanaiitaje hiyo zebaki.

Homa Bay ina mfano wa kutia moyo. Huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, kipo kituo cha ICIPE, shirika la utafiti wa wadudu lililoanzishwa na Profesa Thomas Risley Odhiambo mwaka wa 1970. Katika miaka ya 1990 wanasayansi wake, kwa ushirikiano na wenzao wa Rothamsted nchini Uingereza, waliendeleza kilimo tunachoweza kukiita sukuma-vuta. Mmea wa desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na nyasi ya nepia ikazungushwa pembeni mwa shamba. Desmodiamu huwafukuza nondo ambao viwavi wao hupekecha mabua, nepia huwavutia nje, na mizizi ya desmodiamu huzuia gugu la kiduha, ambalo Wajaluo huliita kayongo. Sayansi ya mambo hayo ni nzito. Hata hivyo, mkulima hahitaji majina ya kemikali zinazotoka mizizini. Anahitaji kujua kwamba mche mchanga wa desmodiamu waweza kudhaniwa kuwa gugu ukang'olewa; kwamba katika majuma ya mwanzo sharti upaliliwe kwa uangalifu usije ukasongwa; na kwamba mahindi yakishavunwa mmea huo huachwa shambani, maana utaendelea kuota msimu ujao. Kuyateua mambo hayo matatu kutoka ripoti ya kurasa 80 ndiyo kazi ninayoizungumzia.

Mfano mwingine unatoka hospitalini, nao unamhusu mwanaisimu moja kwa moja. Mwaka wa 2001 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kutoa dawa za kupunguza makali ya ukimwi bila malipo katika hospitali ya Homa Bay. Dawa hizo hutaka kumezwa kwa saa zile zile kila siku. Sasa fikiria mgonjwa aliyeandikiwa "saa 8". Kwa mhudumu aliyefikiri kwa Kiingereza, hiyo ni asubuhi baada ya chai. Kwa msemaji wa Kiswahili, na vilevile wa Dholuo, saa nane ni alasiri au usiku wa manane. Hapo hapana kosa la sarufi ambalo mwalimu angelipigia mstari, ilhali mgonjwa amepotezwa kwa saa sita nzima. Mwandishi aliyehitimu angeandika "saa 2 asubuhi", na pembeni akachora jua linalochomoza.

Hali kadhalika mpangilio wa sentensi. Linganisha "Fungua kifuniko baada ya kuzima moto" na "Zima moto, kisha fungua kifuniko". Zote mbili ni sanifu. Lakini msomaji wa maelezo husoma mkono ukiwa tayari kazini, na katika sentensi ya kwanza mkono huo umekwisha kushika kifuniko kabla jicho halijafika kwenye moto. Au chukua maji ya chumvi na sukari anayopewa anayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Ondoa maneno "vya chai" na "vimesawazishwa", na mama mwenye kijiko kikubwa cha mezani atamdhuru mtoto wake kwa kufuata ulichomwandikia.

Nasikitika kwamba shule hazijaipa nafasi stadi hii, ingawa mtahini ameipa. Katika karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya KCSE, swali la lazima ni la utungaji wa kiuamilifu, ambamo mna maagizo, ripoti na hata resipe. Sisi walimu hukagua muundo, tahajia na wingi wa methali; ni nadra kumpa mwanafunzi mwingine maagizo hayo tukaona kama ataweza kuyafuata. Katika shule ya upili ya mtaala wa umilisi, mwanafunzi huchagua mojawapo ya njia tatu, na ninahofia kwamba apendaye lugha ataambiwa sayansi haimhusu. Mwalimu wa Kuria, ambako tumbaku hulimwa, ajaribu zoezi hili: darasa lilete makopo matupu yaliyosafishwa ya maziwa, rangi na sabuni (ya dawa za mimea yaachwe yalipo, ni sumu), lisome maelezo yake, kisha liyaandike upya kwa ajili ya nyanya asiyejua Kiingereza.

Aanzeje basi kijana asiye na mtaji? Achague jambo moja analoweza kulifikia kwa miguu: taa za sola za wavuvi wa omena, fomu za mpakani Isebania, mashine ya kusaga. Amhoji mjuzi wake mpaka aelewe. Aandike ukurasa mmoja, ampe mtu ambaye hajawahi kuifanya kazi hiyo, kisha akae kimya atazame. Pale msomaji anaposita ndipo penye kasoro, na si haki kumlaumu kwamba hakusoma vizuri. Aandike tena. Akipata kazi tano au sita za namna hiyo, kila moja ikionyesha ilivyokuwa kabla na baada ya kujaribiwa, ana jalada la kumwonyesha mwajiri. Shahada pekee haionyeshi hayo.

Anayelenga kampuni za programu hana budi kujifunza misingi ya kompyuta. Programu nyingi za bure katika intaneti huandikiwa maelezo na watu wanaojitolea, na majina yao huonekana. Nitakuwa mkweli: sehemu kubwa ya kazi yenye malipo mazuri iko Nairobi na ng'ambo, na ni ya Kiingereza. Ya Kiswahili hutoka zaidi kwa mashirika ya afya, benki na kampuni za simu, nayo mara nyingi huja kama tafsiri. Sioni aibu yoyote katika kuanzia hapo.

Siku hizi mteja atasema kwamba mashine humtafsiria bure. Amwombe aione hiyo tafsiri, atafute penye saa, vipimo na amri, kisha amweleze kwa upole ni nani ataumia. Na wakikubaliana, yaandikwe matatu kabla ya kazi kuanza: nani atathibitisha ukweli wa mambo yenyewe, masahihisho yatafanywa mara ngapi, na malipo yatatolewa lini. Huku kwetu mwalimu wa lugha huombwa "apitishe jicho tu" katika kijitabu cha shirika lenye gari jipya na dereva, akashukuriwa kwa soda. Jicho hilo lilisomeshwa kwa karo. Wazazi waliuza ng'ombe.