Kabla ya kumtafuta mchawi, tazama waya

Wiki hii nakusimulia jambo lililotukuta sisi wenyewe hapa Singida, maana nusura litugombanishe na shangazi wa mume wangu, mama mtu mzima asiye na kosa lolote.

Baba watoto anapenda sana vifaa. Alichukua kompyuta ya zamani akaifanya msimamizi wa nyumba: inasoma kiasi cha maji kwenye tangi, inawasha na kuzima pampu ya kisima, na inafuatilia betri za sola. Kompyuta ile ilikuwa na poti moja tu ya siriali, ile ya pini 9, naye alihitaji tatu. Akanunua adapta mbili za USB, kazi ikaenda. Nilifurahi, kwani sikuamka tena usiku kwenda kuchungulia tangi.

Desemba mvua zikaanza. Jioni moja wingu lilitanda, nikamwambia mwanangu achomoe plagi ukutani, akachomoa. Muda si mrefu radi ikapiga kwenye mwamba, jirani na tangi. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Lakini kompyuta, adapta zote mbili na kidhibiti cha sola viliungua. Fedha pekee zilizokuwepo ndani ni zile tulizoweka kwa ajili ya sare na madaftari ya binti yetu anayeingia kidato cha kwanza Januari.

Hapo maneno yakaanza. "Kitu kilichochomolewa kinaunguaje? Hiyo radi imetumwa!" Mtu mwingine akakumbuka kwamba shangazi alikuja Jumapili akaisifia ile kompyuta. Msomaji wangu, unajua maneno kama hayo yamewafikisha wapi wazee wetu, hasa kina mama.

Tulimwita fundi. Hakusema mengi. Aliufuata waya kutoka kwenye tangi hadi mezani, hatua kama 60, akauliza, "Mama, plagi mlichomoa. Na huu je?"

Akatueleza. Radi ikipiga ardhini, umeme husambaa kwenye udongo, na kwa muda mfupi sana ardhi ya penye tangi huwa na volti nyingi kuliko ardhi ya penye nyumba. Ukiwa na waya wa shaba unaounganisha sehemu hizo mbili, umeme unapita humo. Poti ya siriali hutumia volti zisizozidi 15 hivi. Radi inaleta maelfu. Kwetu uliingia kwa waya wa tangi, ukavuka kompyuta, ukatokea upande wa sola. Plagi ya ukutani haikuwa njia yake.

Tulipojaaliwa kuanza upya, fundi alibadilisha mambo manne. Kwanza, poti za pini 9 zilikusudiwa waya mfupi, kama mita 15, kwa hiyo kwenye tangi aliweka mfumo wa RS-485, ambao unaweza kufika hata mita 1,200. Pili, adapta mpya zina kitenganishi: ujumbe unavuka ndani kwa mwanga, hivyo shaba ya nje haigusani na ya kompyuta. Tatu, pale waya unapoingia nyumbani alifunga kizuia radi, akakiunganisha na ethi ileile ya umeme wa nyumba. Ethi mbili zisizounganishwa ni hatari, kwa kuwa zinarudisha tatizo lilelile. Nne, ardhi yetu ni ya mawe na kiangazi ni kikavu, fimbo moja ya ethi haitoshi. Alipima, akaongeza nyingine, akaziunganisha zote.

Kazi ya ethi usimpe kijana wa mtaani kwa sababu ni rahisi. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA.

Hata hivyo, fundi alituambia ukweli: radi ikipiga nyumba yenyewe, hakuna adapta itakayoizuia. Kinga isiyo na gharama ni kuchomoa waya wote, wa umeme, wa tangi, wa sola na wa antena, wingu likiwa bado mbali. Ukishasikia ngurumo, usiguse waya wowote, acha viungue. Subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Sare tulikopa kwa jirani, tumemaliza kulipa mwezi uliopita. Kwa shangazi tulikwenda na kilo mbili za sukari. Alikuwa ameshayasikia yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wanangu, mngeniuliza." Sikuwa na jibu.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.