Muhindi na ngombe: siasa moja ya kilimo, hesabu mbili

Zambia ilipotangaza ukame kuwa janga la taifa, tarehe 29 Februari 2024, habari hiyo ilisikika haraka upande huu wa mpaka. Sehemu kubwa ya unga unaopikwa bukari Lubumbashi na Likasi inapitia Kasumbalesa, na mwaka ule Zambia ilipoteza zaidi ya nusu ya mavuno yake ya mahindi. Mwaka 2025 mvua ilirudi na mavuno ya jirani yakawa mengi tena. Kwa mama anayenunua unga kwa kilo sokoni, hiyo ni nafuu. Kwa mkulima wa Kipushi au Kasenga aliyenunua mbolea kwa bei ya juu, ni shida, kwani unga wa jirani unafika sokoni wakati uleule anapotafuta mteja wa magunia yake.

Hapo ndipo mkulima wa nafaka anapokutana na serikali: mpakani na kwenye bei. Kila mara unga unapopanda, viongozi wanashika vyombo vilevile, yaani kupunguza kodi ya unga unaoingia, kuleta mahindi kutoka nje, kugawa mbegu na mbolea. Moïse Katumbi, alipokuwa gavana wa Katanga kati ya 2007 na 2015, alizitaka hata kampuni za madini zilime mahindi. Mwaka 2014 serikali ya Kinshasa ilizindua Bukanga Lonzo, hekta 80.000 zilizopaswa kulisha mji mkuu, na mahindi yalikuwa mbele katika mpango huo. Mradi ulianguka miaka michache baadaye, na Mei 2025 Mahakama ya Katiba ilimhukumu waziri mkuu wa zamani Augustin Matata Ponyo miaka 10 ya kazi ya kulazimishwa kwa sababu ya fedha zilizopotea.

Tukiangalia vizuri, vyombo hivyo vinawalinda watu wa mji kuliko mkulima. Mji wenye njaa unapiga kelele katika wiki moja. Mkulima aliyeuza kwa hasara anapunguza tu shamba lake msimu unaofuata, na hakuna anayemsikia.

Mfugaji wa ngombe yuko mbali na mchezo huo. Huko Marekani bei ya mahindi inamgusa moja kwa moja, kwani ngombe wengi wananeneshwa kwa nafaka kabla ya kuchinjwa. Sheria za 2005 na 2007 zilipolazimisha mafuta ya gari yachanganywe na etanoli, inayotengenezwa zaidi kwa mahindi, wakulima walifurahi na wafugaji walilia. Mwaka 2008 gavana wa Texas, Rick Perry, aliomba kiwango hicho kipunguzwe kwa ajili ya wafugaji wake, na serikali ya Washington ikakataa. Ngombe wa Masisi hajui habari hizo. Anakula majani. Muhindi ukipanda au ukishuka, maziwa yake na fromaji ya Goma haviongezeki wala kupungua. Anachohitaji ni kilima, na kilima hicho kiwe chake kwa miaka mingi, maana ndama anayezaliwa leo atahitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa au kuuzwa. Mbegu ya bure haimfai kitu. Siasa ya kilimo inayomgusa yeye ni sheria ya udongo.

Hapo kuna jambo ambalo hotuba za kilimo huliruka. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Serikali, na raia anapata haki kwa hati ya konsesyo. Kuhusu udongo wa vijiji, unaolimwa kwa desturi, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba amri ya Rais itaeleza haki za wakaaji. Amri hiyo haikutoka kamwe. Mwaka huohuo, Novemba, Mobutu alitangaza kugawa mali za wageni kwa Wazaire. Katika milima ya Masisi na Rutshuru, waliokuwa na pesa na jamaa katika ofisi walipata hati za mashamba ya walowezi, na mengi yakageuzwa malisho. Aliyelima muhindi, maharagi na viazi pembeni alibaki na neno la chifu tu.

Kwa hiyo kusema kwamba Serikali imewasahau wafugaji ni nusu ya ukweli. Mkulima wa nafaka alipewa hotuba, mbegu na kampeni. Mwenye ngombe wengi alipewa hati. Mfugaji mdogo mwenye ngombe watatu hakupata hata kimoja, na ndio walio wengi.

Hati haikumlinda ngombe mwenyewe. Vita iliyoanza Ntoto, Walikale, mwezi wa tatu 1993, ikapanda Masisi, iliondoa makundi mazima: ngombe anatembea, kwa hiyo anaibwa kwa urahisi kuliko gunia. Huko Ituri, mzozo wa 1999 ulianzia kwenye konsesyo za Djugu, kati ya wenye hati na wanaolima. Bas-Uele na Haut-Uele zina sura nyingine: wafugaji Mbororo wanaoingia na makundi yao bila hati yoyote, na mashamba yanayokanyagwa.

Mwaka 2022 serikali ilipitisha siasa mpya ya ardhi inayotambua haki za desturi. Lakini tangu Januari 2025 Goma iko mikononi mwa M23, na sehemu kubwa ya Masisi pia. Familia nyingi zilizolima pembeni ya malisho zimehama, wengine zaidi ya mara moja. Kabla ya kuhama, wengi wao walikuwa wakikodi kipande ndani ya konsesyo ya tajiri na kulipa kwa siku za kazi, bila karatasi. Wakirudi watakuta hati bado ina jina la mwenye ngombe, hata kama ngombe hayupo, na kipande chao hakijaandikwa popote.