Lugha Kongwe Nyuma ya Tovuti

Wapo wanaodhani kwamba shirika likishafungua tovuti, mitambo yake ya kale imekwisha kazi. Sivyo hata kidogo. Mnamo Aprili 2020, janga la korona lilipowaacha watu wengi bila ajira, Gavana Phil Murphy wa jimbo la New Jersey, Marekani, alilazimika kuomba hadharani watu wa kujitolea wanaoijua COBOL. Waliopoteza kazi walituma maombi ya malipo kwa intaneti, lakini yaliyoyapokea ni programu za zaidi ya miaka 40.

COBOL, iliyoanza kubuniwa mwaka wa 1959 kwa kuifuata sana kazi ya Grace Hopper, iliazima vitenzi vya Kiingereza ili hata asiye mtaalamu aweze kuisoma. Hapa ndipo mwanaisimu anapopata la kusema. Kuhamisha mfumo kama huo ni kufasiri, na tafsiri ya neno kwa neno haitoshi. Ndani yake mna kanuni za malipo, vighairi, na viraka vilivyotiwa na watu waliokwisha kustaafu, ambavyo aghalabu havikuandikwa penginepo.

Haraka nayo ina gharama. Benki ya TSB ya Uingereza ilipohamia mfumo mpya kwa mkupuo mmoja, Aprili 2018, hadi wateja milioni 1.9 walishindwa kuzifikia akaunti zao. Mwaka wa 2022 ikatozwa faini ya zaidi ya pauni milioni 48.

Wanafunzi wa kompyuta hufunzwa mno kuandika, na kwa nadra kusoma walichoandika wengine. Walimu wao wangeanza na ukurasa mmoja tu wa COBOL, usomwe darasani kama matini yoyote nyingine.