Kiwanja Bila Njia si Kiwanja

Nakuru ilitangazwa kuwa mji mwaka 1904, na tarehe 1 Desemba 2021 ikapewa hati ya jiji, la nne katika Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Hesabu ya mwaka 2019 ilipata humo watu 570,674. Heshima hiyo ni kubwa, lakini watu hawalali ndani ya heshima. Hulala ndani ya nyumba. Yafaa basi tuulize nyumba hizo zajengwa kwa utaratibu gani.

Jiji hili haliwezi kujitanua kila upande. Kaskazini upo mlima Menengai na shimo lake kubwa. Kusini ipo mbuga ya wanyama ya Ziwa Nakuru. Kwa hiyo wajenzi wameelekea upande wa Njoro na upande wa Bahati, ambako mashamba yanakatwa viwanja vya futi 50 kwa 100.

Si vibaya mtu kuuza shamba lake, wala mfanyakazi kununua kiwanja kwa akiba yake. Lakini na tufanye hesabu kidogo. Eka moja ni futi za mraba 43,560. Kiwanja kimoja ni futi 5,000. Viwanja vinane ni 40,000. Zinasalia 3,560. Vikipangwa safu mbili, vinne huku na vinne huku, njia ya katikati itakuwa na urefu wa futi 200. Ikiwa upana wake ni futi 30, yahitaji futi 6,000. Hazipo! Basi anayejisifu kwamba eka yake imetoa viwanja vinane kamili pamoja na njia kama hiyo, ama amepunguza viwanja, ama ameibana njia.

Hasara yake huonekana baadaye. Gari la kuzima moto halipiti, na mgonjwa hubebwa mgongoni mpaka barabara kuu. Mvua inyeshapo, maji yashukayo kutoka Menengai kwenda ziwani hutafuta njia yao ya zamani. Yakikuta ukuta, huingia mlangoni. Maji hufuata mkondo, hayasomi hati ya kiwanja. Tena Ziwa Nakuru halina mto wa kutokea, na takataka ziingiazo humo hubaki humo. Baada ya mwaka 2010 ziwa lenyewe lilipanda, hata watu waliojenga karibu nalo wakalazimika kuhama.

Sheria ya mwaka 2019 juu ya mipango ya matumizi ya ardhi yataka mwenye kugawa shamba apate kwanza idhini ya serikali ya kaunti. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kutoa fedha uliza mambo matatu. Idhini hiyo iko wapi? Njia iliyo katika ramani ina upana gani? Kaipime mwenyewe kwa kamba. Na maji ya mvua yatapita wapi?

Wakuu wa jiji nao wana wajibu wao: alama za njia na mitaro zitangulie nyumba ya kwanza. Kuonyesha njia katika shamba tupu ni kazi ya mpima na vigingi vyake. Kuifungua baada ya watu kuhamia ni kazi ya kubomoa, na kinachobomolewa ni akiba ya miaka mingi ya mtu maskini.