Samaki wa Machungwa kwa Jioni ya Haraka

Mwezi huu sitaanza na ugonjwa kama ilivyo kawaida yangu. Nitaanza na aibu iliyonipata kazini.

Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto. Mama mmoja kijana alimleta mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu kupimwa uzito. Nilipoweka nukta kwenye kadi nikaona mstari umelala kwa mwezi wa tatu mfululizo. Nikamwuliza, jana jioni mtoto alikula nini? Akajibu, "Ugali na mchuzi." Mchuzi wa nini? "Wa samaki." Na samaki mwenyewe je? Akanyamaza, akamfunga mtoto kanga vizuri. Mume wake ni mvuvi. Basi nikamwangushia lile somo ninalolijua kwa moyo, kwamba mchuzi ni maji, kwamba kinachomjenga mtoto ni mnofu, na kwamba si haki samaki wote wapelekwe mwaloni kuuzwa huku aliye nyumbani anadhoofika. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kwa upole, bila jeuri hata kidogo, "Na wako, Nesi, jana jioni walikula nini?"

Chai na mkate. Hivyo ndivyo walivyokula wanangu jana yake, na juzi yake pia. Nilikuwa nimetoka zamu, nikapitia kikao cha akina mama kanisani, nikafika nyumbani saa moja na nusu usiku miguu imevimba. Sokoni nilipita na samaki niliwaona, tena wazuri. Lakini nilijiambia, nani ataparua magamba, akaange, kisha aunge kwa saa nzima? Nikanunua mkate.

Sikumjibu yule mama. Nilimwandikia tarehe ya kurudi, naye akaenda zake. Ila tangu siku hiyo nilijipa kazi ya kutafuta namna ya kupika samaki ambayo mwanamke aliyechoka anaweza kuimaliza kwa nusu saa, bila chupa nzima ya mafuta na bila nyanya za kuunga.

Wenzetu wa Pwani na Visiwani wana samaki wa kupaka, ambaye huchomwa kwanza kisha akapakwa tui zito la nazi lenye ukwaju na viungo. Nilimla Dar es Salaam nilipokwenda semina na sikumsahau. Lakini huku ziwani nazi ni ya kununua kwa bei, na kukuna ni kazi nyingine. Sisi tuna machungwa. Kila anayepanda meli ya kwenda Mwanza anayajua machungwa ya Ukerewe, maana magunia yake ndiyo humpokonya abiria mahali pa kuweka miguu. Nikajiuliza, kwa nini nisimpake samaki kwa machungwa?

Basi hiki ndicho ninachofanya. Kwa watu 6 nanunua minofu ya sangara kilo 1. Kama muuzaji ana nafasi, namwomba anitolee ngozi na anikatie vipande vya ukubwa wa kiganja cha mtoto, unene wa vidole viwili. Nazungumzia samaki mbichi wa leo. Akiwa mzima, mtazame macho, yawe yanang'aa na yametokeza. Fungua mashavu, yawe mekundu. Ukimbonyeza kwa kidole nyama irudi juu. Mnofu ulioteleza kama sabuni au unaonuka shombo kali mwachie mwenyewe, hata akikupunguzia bei. Usione haya kunusa. Fedha ni yako na tumbo ni la mwanao.

Nyumbani, kitu cha kwanza ni kubandika maji ya ugali. Wakati yanachemka naosha samaki, namfuta maji kwa kitambaa safi mpaka akauke, kisha nampaka chumvi kijiko kimoja cha chai na maji ya ndimu moja. Akae dakika 10 tu. Ukimwacha kwenye ndimu saa nzima nyama hulegea na kumeguka kikaangoni. Katika dakika hizo mtoto mkubwa anakamua machungwa 3, anapata kama kikombe kimoja. Atoe mbegu zote, maana zikichemka huleta uchungu. Mimi natwanga tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba pamoja na punje 4 za kitunguu saumu.

Weka kikaango motoni, mafuta vijiko 3 vya chakula, yapate moto sawasawa. Panga vipande bila kubanana na usiviguse. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea: tunageuza geuza samaki kama chapati, naye anabaki ameganda chini. Akishaiva upande mmoja hujiachia mwenyewe. Dakika 3 au 4 kila upande zinatosha. Mwepue, mweke pembeni.

Katika kikaango hicho hicho, bila kukiosha, tia tangawizi na kitunguu saumu, koroga kidogo tu visiungue. Mimina maji ya machungwa, ongeza asali vijiko 2 vya chakula. Kama huna asali, sukari vijiko hivyo hivyo itafaa. Acha yachemke kwa nguvu. Mwanzoni utadhani umeharibu, ni maji matupu. Subiri. Baada ya kama dakika 5 povu litakuwa kubwa na zito, na ukipitisha mwiko chini ya kikaango utaona njia inabaki wazi kabla rojo halijarudi. Sasa punguza moto, rudisha samaki, umchotee rojo juu kwa kijiko mara kadhaa kwa dakika 2. Atang'aa kama aliyepakwa varnishi! Usiondoke hapo kwenda kujibu hodi, kwa kuwa asali ikishashika moto huungua mara moja na kuwa chungu.

Ukiwa na sato mzima badala ya minofu, mchanje mara 3 kila ubavu ili rojo liingie, umwongezee muda hadi nyama iwe nyeupe na iachane na mfupa. Msimu wa machungwa ukipita natumia ukwaju uliolowekwa, lakini sukari inabidi niongeze kidogo. Kwa mboga, mchicha au matembele. Kisamvu kiacheni kwa siku ya mapumziko, hakina haraka. Mwenye shinikizo la damu apunguze chumvi hadi nusu, na kwa kuwa ndimu na tangawizi zina nguvu hataikosa sana. Mwenye kisukari mtolee kipande chake kabla ya kutia rojo.

Siku ya kwanza Baba watoto alikitazama kipande chake kwa muda. "Samaki na asali, wapi na wapi?" Nikamwambia aonje, na asipopenda chai ipo. Hakuomba chai.

Lakini akina mama, kuna jambo nililoligundua ambalo sikulitafuta, na ndilo lililonifanya niandike. Samaki wa mchuzi hufichika. Mama anapakua, baba anapata kichwa na ubavu, wageni wanapata kati, watoto wanapata mkia na mchuzi, na mwenyewe anakomba sufuria. Hakuna anayeona nani kapata nini, wala simlaumu mtu, kwani ndivyo sote tulivyokuta kwa mama zetu. Samaki wa vipande hafichiki. Ninakata vipande 12 kabla ya kuwasha moto, kila mtu viwili, na kitinda mimba wangu anavihesabu kikaangoni. Jioni moja nilijaribu kumwongezea Baba yake kipande cha tatu kutoka kwenye sahani yangu, kwa mazoea tu. Mtoto akasema, "Mama, hicho ni chako." Baba yake akakirudisha.

Kwa sisi tunaoishi kwa ugali wa muhogo, kipande hicho kina uzito zaidi ya utamu. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Ukivundikwa vizuri na kuanikwa ukakauka, sumu kubwa hutoka, na masalia mwili huyaondoa wenyewe. Lakini kwa kazi hiyo mwili huhitaji protini, hasa ya aina iliyomo katika samaki, nyama na mayai. Mwaka 1985, kipindi cha ukame, huko Tarime mkoani Mara, upande wa mashariki wa ziwa letu hili, watu walipooza miguu ghafla kwa ugonjwa uitwao konzo. Walikuwa wamekula muhogo mchungu ambao kwa sababu ya njaa haukutayarishwa ipasavyo, tena kwa kitoweo kidogo mno. Aliyepoozwa na konzo hanyooki tena. Kwa hiyo ninaposema mtoto apewe mnofu, simwombei anasa.

Sasa kwa wale wadogo. Mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kuanza samaki, aliyeiva vizuri, amepondwa na kupapaswa kwa vidole ili kuondoa kila mwiba. Lakini asiyetimiza mwaka 1 asipewe asali kabisa, hata iliyochemshwa, kwani inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvishinda. Nasema hili kwa mkazo kwa kuwa najua bibi wengi huwalambisha vichanga asali kwa nia njema. Kipande cha huyo kitolewe kabla ya rojo.

Na mwiba ukimkwama mtu kooni, tafadhali, lile tonge kubwa la ugali tuliloambiwa tumeze ili kuusukuma si dawa. Linaweza kuuzamisha zaidi na kujeruhi koo. Wala usiingize kidole. Mtulize, akohoe mwenyewe. Akiona maumivu hayaishi, anatokwa mate asiyoweza kuyameza au anapumua kwa shida, ni kituo cha afya usiku huo huo. Ndiyo sababu kwa watoto napenda sangara, ambaye miba yake ni mikubwa na inaonekana, kuliko samaki wadogo wenye miba kama nywele.

Najua kuna atakayesema, Nesi, minofu ya sangara ni ya matajiri. Kweli kabisa. Viwanda vya Mwanza huisafirisha hadi Ulaya, nasi tuliozaliwa kando ya ziwa mara nyingi tumeachiwa mapanki. Siwezi kulimaliza jambo hilo katika ukurasa huu. Lakini rojo hili halibagui. Dagaa wakavu waliochambuliwa, wakaoshwa mchanga mara 3 kwa maji ya moto, wakakaangwa wakawa wakavu kidogo, nao hung'aa vizuri ndani yake. Tena dagaa huliwa na mifupa yake, kwa hiyo mtoto anapata na madini ya kujenga mifupa.

Yule mama alirudi tarehe niliyomwandikia. Safari hii sikuanza na somo. Nilimweleza kwamba swali lake lilinipata, nikamwambia ninavyopika siku hizi. Akacheka akaficha uso kwa kanga. Nyumbani kwake, akasema, shida si kupika, shida ni kwamba samaki hawafiki mlangoni. Tukakaa tukazungumza hilo, yeye na mimi, foleni ikingoja. Mwishowe tulikubaliana kwamba angemwomba mumewe, si kwa ugomvi, sato mmoja tu kila anapotoka ziwani, awe wa mtoto kwa jina. Mwezi uliofuata mume alikuja mwenyewe kliniki amembeba mtoto, na mstari kwenye kadi ulikuwa umeinuka kidogo. Kidogo tu, lakini umeinuka. Aliniuliza kama rojo lile linafaa kwa mumi. Nilimwambia sijajaribu, ana mafuta mengi, ajaribu yeye anieleze.

Vipande vikibaki, visilale mezani vimefunikwa kwa sahani hadi asubuhi. Kama huna jokofu, wape usiku huo huo waliokula kidogo, au majirani. Katika joto letu samaki wa kiporo nimemhudumia wodini mara nyingi mno.