TAARIFA IMEPOKELEWA! Baraza la madiwani au kijiwe cha posho?

Ndugu msomaji, kama hujawahi kuingia kwenye ukumbi wa Baraza la Madiwani, nakushauri uingie siku moja. Kiingilio hakuna. Kikao cha baraza ni cha wazi, na wewe mwananchi una haki ya kukaa nyuma ukasikiliza. Nenda mapema tu, maana viti vya nyuma hukaliwa na wakuu wa idara waliokuja na makabrasha mazito kuliko matofali.

Mimi niliingia. Halmashauri siitaji, kwa sababu ukiijua moja umezijua nyingi. Mwenyekiti kaingia na joho lake, watu wakasimama. Dua ikasomwa. Kisha ajenda kama kawaida: kufungua kikao, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa za kata, taarifa za kamati za kudumu. Karatasi zinafunuliwa fyaa, fyaa, fyaa. Mzee mmoja, diwani wa kata ya pembezoni, akasimama. Akasema wananchi wake walibeba mawe kichwani, wakachoma matofali, wakainua kuta za zahanati. Leo boma lina majani ndani na mbuzi ndio wagonjwa wake. Akauliza bati zitakuja lini.

Jibu? "Mheshimiwa Mwenyekiti, hoja ya mheshimiwa diwani tumeichukua, itafanyiwa kazi." Mwenyekiti akauliza: "Waheshimiwa, taarifa imepokelewa?" Ukumbi mzima: "Imepokelewaaa!" Meza zikagongwa, pa pa pa! Mzee akakaa. Baadaye ikaja soda, ikaja karatasi ya kusaini posho, kikao kikaahirishwa.

Jamani, imepokelewa na nani? Imepelekwa wapi?

NANI ANALIPIA MEZA INAYOGONGWA

Tuache ukumbi, twende milimani kwetu. Muyama, kwa asiyeijua, iko nyanda za juu za Kigoma, nchi ya Waha, upande wa kwenda mpaka wa Burundi. Zamani ukisema Muyama ulikuwa unasema wilaya ya Kasulu. Mwaka 2012 Kasulu ikakatwa, ikazaliwa wilaya ya Buhigwe, kama Kibondo ilivyokatwa ikazaliwa Kakonko. Tukaambiwa serikali inasogezwa karibu na wananchi. Sawa. Ofisi zimesogea. Swali ni kama madaraka nayo yamesogea, au kilichosogea ni geti la ushuru tu.

Huko watu wanalima maharage, mahindi, ndizi, kahawa na tangawizi. Hawana mshahara. Fedha yao inatoka kwenye gunia, na kila gunia likitembea linakutana na mkono umenyooshwa.

Mwaka 2018, nikiwa nimemaliza kidato cha nne, nilimsindikiza mama yangu na magunia matatu ya maharage juu ya fuso. Tulitoka wilaya moja kwenda nyingine. Kwenye kizuizi, kijana mmoja na mashine yake mkononi akatwambia tulipe ushuru. Nikamwambia, kaka, Bunge mwaka jana limepitisha kwamba mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi ushuru wa mazao. Magunia matatu hayafiki hata nusu tani! Akanitazama kama mtu anayetazama kichaa. Akasema: "Dogo, hiyo sheria iko Dodoma. Hapa ni getini." Mama akanivuta shati, akalipa. Risiti je? "Mtandao unasumbua."

Msomaji, mashine ile ya kukusanyia mapato ililetwa ili wizi wa vitabu vya risiti ukome. Sasa mashine ikiwa mkononi na fedha ikiingia mfukoni, tumehama wapi? Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeimba wimbo huo mwaka baada ya mwaka: makusanyo yanaonekana kwenye mashine, benki hayaonekani. Na kila mwaka mabaraza yanaitisha kikao maalum cha kujadili hoja za mkaguzi. Unajua kinachotokea? Taarifa imepokelewa!

La kuchekesha, na la kuumiza, ni kwamba waziri wa fedha aliyesoma bajeti ile ya 2017/18, iliyopunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, alikuwa Dk. Philip Mpango, mtoto wa hukohuko kwetu. Mwaka 2020 akawa mbunge wa Buhigwe, na mwaka 2021 akawa Makamu wa Rais. Yaani sheria imeandikwa na mtu wa nyumbani, na mama wa nyumbani hakuwa na pa kuidai. Angeidai wapi? Mahali pake ni Baraza la Madiwani. Na baraza lilikuwa linagonga meza.

WALIANZA KUTUNYANG'ANYA 1972

Msidhani ugonjwa huu ni wa jana. Mwaka 1972 serikali ilifuta halmashauri zote za wilaya, ikaleta mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina zuri kweli! Madaraka yalikwenda mikoani kwa maana ya kukaa na wakubwa waliotumwa kutoka Dar es Salaam. Mwaka huohuo babu zetu wakakumbwa na Operesheni Kigoma, wakahamishwa kwenye miji yao milimani na kupangwa vijijini kwa mistari. Kwa hiyo mwaka mmoja Muha alipoteza kiwanja chake na chombo cha kulalamikia. Wa kumuuliza akawa hayupo.

Miaka kumi baadaye wakubwa wakakubali kimyakimya kwamba walikosea. Sheria ya mwaka 1982 ikarudisha halmashauri, zikaanza kazi 1984. Katiba nayo, ibara ya 145 na 146, ikaweka kwamba serikali za mitaa zipo kwa ajili ya kuwapa wananchi madaraka. Yamo humo, si maneno ya mpinzani.

Sasa hesabu pamoja nami kilichofuata. Mwaka 2016 kodi ya majengo ikatolewa halmashauri ikapelekwa TRA. Tangu 2021 wewe wa mjini unaikatwa kwenye LUKU hata kama nyumba ni ya kupanga. Mwaka 2017 barabara za wilaya zikapewa TARURA. Mwaka 2019 maji ya vijijini yakapewa RUWASA. Mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ndiye katibu wa baraza, anateuliwa na Rais. Mkuu wa Wilaya anateuliwa na Rais, na sheria ya mwaka 1997 inamruhusu kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Diwani tuliyempigia kura anabaki na nini? Anabaki na kabrasha, soda, na meza ya kugonga.

Wananchi wakimuuliza diwani habari ya daraja, anasema hiyo ni TARURA. Wakimuuliza bomba, anasema hiyo ni RUWASA. Wakimuuliza ushuru, hapo ndipo anakumbuka kwamba yeye ni serikali!

Najua kuna wakereketwa watanijibu. Watasema halmashauri zilikuwa zinakula fedha za barabara, ndiyo maana zikanyang'anywa. Ni kweli, zilikuwa zinakula. Sikatai hata kidogo. Lakini ukiona panya ghalani, unahamishia mahindi kwenye ghala la jirani aliye mbali, au unafungua dirisha mwanga uingie? Wizi hauponywi kwa kuhamisha kasha la fedha. Unaponywa kwa macho mengi kulitazama. Meneja wa TARURA simpigii kura. Diwani walau kila miaka mitano ananikuta njiani.

DIRISHA LILIFUNGULIWA, LIKAFUNGWA

Na macho hayo Kigoma tuliyajaribu. Mwaka 2010 Kigoma ilipeleka bungeni wabunge wanne wa NCCR-Mageuzi: Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini, Muhambwe na Kigoma Kusini. Mbunge ni mjumbe wa baraza la halmashauri yake. Maana yake, mkurugenzi alijua kwamba akisoma taarifa ya kubabaisha kuna mtu atasimama, na kesho yake itasikika Dodoma.

Mwaka 2015 wananchi wa Manispaa ya Kigoma Ujiji wakaukabidhi uongozi wa baraza kwa ACT-Wazalendo. Mwaka 2016 manispaa hiyo ikachaguliwa, kati ya miji michache sana duniani, kuingia kwenye mpango wa kimataifa wa Serikali Wazi, ule wa kuweka mambo ya halmashauri hadharani, mwananchi aone. Kigoma hiihii, mwisho wa reli! Ikadumu? Mwaka 2017 Tanzania ikajitoa kwenye mpango huo, na Kigoma Ujiji nayo ikatoka. Anayefunga dirisha mchana kweupe anaogopa nini kuonwa?

Kisha wakamaliza kazi. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, wapinzani walikatwa majina kwa makundi hadi vyama vikubwa vikasusa. Chama tawala kikatangaziwa ushindi wa zaidi ya asilimia 99. Mwaka 2024, tarehe 27 Novemba, kikatangaziwa tena zaidi ya asilimia 98 ya vijiji. Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 29, 2025, CHADEMA haikuwamo kabisa kwenye karatasi ya kura. Na msimamizi wa uchaguzi kwa miaka mingi alikuwa nani? Mkurugenzi yuleyule, katibu wa baraza! Bob Wangwe alikwenda Mahakama Kuu kupinga jambo hilo, akashinda Mei 2019. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu.

Sasa niambie, katika ukumbi ambao wote ni wa kanzu moja, nani amuulize mwenzake mahali fedha ilipo? Jogoo hawiki kwenye banda la mwewe.

WEWE WA KIJIWENI INAKUHUSU

Najua unavyowaza, mshikaji uliyekaa Mwanga, Kariakoo au Buguruni ukisoma gazeti la kuazima. Unasema Muyama ni mbali, madiwani ni mambo ya wazee. Subiri kidogo.

Tangu 2018 sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ile 4 ya vijana ni yako. Inatoka wapi? Inatoka kwenye mapato ya ndani, yaani ushuru wa soko unaolipa wewe na ushuru wa gunia anaolipa mama yako. Shilingi inayoishia mfukoni getini haiingii kwenye hesabu, na isipoingia kwenye hesabu, asilimia 4 yake ni sifuri. Umeibiwa mara mbili: nyumbani kwenye gunia, mjini kwenye mtaji. Mwaka 2023 mikopo hiyo ikasimamishwa nchi nzima baada ya kuonekana fedha zinaliwa na vikundi hewa, hadi ilipofufuliwa 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi hewa vilipitishwa na nani? Viliandikwa kwenye taarifa. Taarifa ikapokelewa!

Kwa hiyo mimi sikuombi uandamane wala urushe jiwe. Nakuomba mambo matatu mepesi ambayo wakubwa wanayaogopa kuliko jiwe.

Kwanza, ukienda likizo nyumbani, uliza mkutano mkuu wa kijiji umefanyika lini. Sheria inataka ufanyike walau kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya wananchi. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano huo. Usiposomewa, simama uulize. Sauti moja ikianza, nyingine zinafuata.

Pili, ukidaiwa ushuru, dai risiti. Mtandao ukisumbua, na wewe sumbua. Kaa hapohapo mpaka mtandao urudi. Utashangaa utakavyorudi haraka.

Tatu, baraza likikaa, nendeni watano, kumi, ishirini. Kaeni nyuma kimya na daftari. Andikeni: diwani gani kauliza nini, mkurugenzi kajibu nini, hoja ipi "imechukuliwa" na tangu lini. Kikao kinachofuata rudini na daftari lilelile, mtazame yatokanayo. Mtu akijua anaandikwa, mkono wake unakuwa mzito kugonga meza.

Yule mzee wa boma la zahanati, siku ile nilimfuata nje. Nikamuuliza, mzee, kwa nini ulikaa? Akaniambia: "Mwanangu, niligeuka nyuma nikatafuta watu wangu, sikuona hata mmoja."

Kikao kingine kiko ndani ya miezi mitatu. Akigeuka tena, atukute.